Jozani kwa miguu: mwongozo kamili kuanzia kwenye mitondoo mpaka kwenye mikoko

Nianze na kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, na mi nililifanya mara ya kwanza. Unafika Jozani, msitu wa hifadhi kisiwani Unguja, saa saba mchana jua linawaka, unalipa, unapelekwa kwa kima, unapiga picha ishirini zinazofanana, unaingizwa msituni nusu saa, unaonyeshwa miti miwili mitatu, afu unarudi kwenye gari unaenda zako Paje kuogelea. Ukiulizwa kukoje unajibu "pazuri, kuna nyani". Kwanza wale sio nyani. Pili Jozani yenyewe hujaiona.

Jozani ni maji. Ukitazama ramani ya Unguja utaona pale kati kisiwa kama kimebanwa kiuno, kaskazini ghuba ya Chwaka imeingia ndani, kusini kuna maji ya kisiwa cha Uzi na mkono wa bahari unaopanda mpaka karibu na kijiji cha Pete, na Jozani imekaa hapo kati kwenye bonde, chini kabisa. Maji ya ardhini yako karibu sana na juu, ndo maana miti ni mirefu na mibichi mwaka mzima wakati ukitoka nje kidogo tu unakuta maweni, yani jiwe la matumbawe na vichaka vya miiba, jua linakukaanga. Kwahiyo ndani ya siku moja kwa miguu unapita msitu wa maji baridi wenye kivuli, unapita maweni, unamalizia kwenye mikoko ya maji chumvi. Hifadhi nzima ina kilomita za mraba kama 50, ilitangazwa hifadhi ya taifa 2004, na Zanzibar hamna nyingine. 2016 UNESCO nao wakaiingiza kwenye orodha yao ya hifadhi za bayoanuwai. Haya, twende kwenye mambo yenyewe.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla hujatazama nauli

Watu wanapanga safari kwa wikiendi, sawa, ila hapa panga kwa maji. Ile sehemu ya mikoko ikiwa na maji ni kitu kimoja na ikiwa kavu ni kitu kingine kabisa, na mtu akifika katikati, maji hayajaja hayajaenda, anaona tope tu na anarudi analalamika.

Hesabu ambayo wavuvi wanayo kichwani ni hii: siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu (weka siku moja mbili mbele), Unguja maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Ikipita wiki mambo yamegeuka, saa nne asubuhi ndo yamejaa na saa kumi jioni yamekupwa, lakini hayo ni maji mafu, yanajaa kivivu, na kule Pete ni mwisho wa mkono wa bahari kwahiyo unaweza usione kitu cha maana. Kama nyumbani kuna kalenda ya Kiislamu ukutani huhitaji appu yoyote, tafuta tarehe 1 mpaka 3 za mwezi wa Kiislamu, au 15 mpaka 17, chagua siku hapo.

Ukiuliza kipi bora, kupwa au kujaa, watu watabishana mpaka chai ipoe. Msimamo wangu ni bamvua, ukae uone vyote viwili: msitu asubuhi, mikoko ikiwa imekupwa saa nne hivi, pumzika, afu urudi mikokoni saa nane na nusu maji yanapoingia. Asiye na siku nzima achague kupwa, kwasababu mizizi, kaa na tope ndo vyenye maisha ya kutazama, maji yakijaa inabaki picha nzuri tu.

Msimu nao una neno lake. Juni mpaka Septemba, kipupwe na kusi, kuna ubaridi kidogo na njia ni kavu, kwa anayekwenda mara ya kwanza ndo wakati wake. Masika, Machi kuelekea Mei, baadhi ya njia za msituni zinajaa maji na unaweza kuambiwa huku hapapitiki leo. Mi binafsi napenda mwisho wa masika kuliko wakati wote, maji yamesimama kati ya miti yana rangi ya chai ya rangi na kila mti una pacha wake chini, lakini simshauri mtu mwenye watoto wadogo au anayeogopa mbu.

Hatua ya pili: unavaa nini

Usivae kandambili. Narudia, usivae kandambili. Mara ya kwanza nilivaa nikijua ni kisiwani, ni bichi tu, nikaacha moja kwenye tope pembeni ya njia, nikaivuta ikatoka bila gidamu, nikamaliza msitu mguu mmoja peku nikiruka mizizi kama kunguru aliyevunjika. Vaa raba ambazo zikilowa hutalia, zenye meno chini. Masika tafuta gambuti.

Suruali ndefu nyepesi na soksi ndefu, na suruali uichomeke ndani ya soksi. Najua unaonekana kituko, chomeka tu, siafu hawaangalii fasheni, na siafu akishapanda mpaka juu ya goti hamna heshima tena utavua hadharani. Fulana ya mikono. Mbu wapo hata mchana kwenye kivuli kwahiyo dawa ya kupaka ni lazima. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia kwa ajili ya kile kipande cha maweni, na kanga au kikoi cha kukalia, kujifutia jasho na kujifunga unapopita kijijini, maana utapita kijijini na watu wanavaa kwa staha, usipite na kaptula fupi na mabega wazi. Ukienda Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu mchana, jibanze.

Simu itie kwenye kikopo chenye mfuniko unaobana. Usitegemee mfuko wa plastiki, Zanzibar imepigwa marufuku toka 2006, usiibebe kutoka bara ukaanza kubishana bandarini.

Hatua ya tatu: kufika

Kutoka Mjini ni kama kilomita 35, barabara ya kwenda kusini mashariki. Daladala yoyote ya Makunduchi (310), Jambiani (309) au Bwejuu (324) inapita mbele ya geti, mwambie konda "nishushe Jozani" na umkumbushe tena njiani kwasababu wao wakishaanza stori na dereva wewe hupo. Toka mapema, saa kumi na mbili uwe stendi, kwasababu daladala haiondoki mpaka ijae na kujaa sio wewe unaamua, kuna siku tulikaa tunasubiri gunia la mtu ambaye mwenyewe alikuwa bado anakunywa chai. Anayetoka Paje au Jambiani anapanda zinazorudi Mjini, barabara ni hiyohiyo.

Utajua umekaribia ukianza kuruka matuta. Yale matuta yaliwekwa kwa ajili ya kima, walikuwa wanagongwa sana na magari pale wanapovuka, kwahiyo kama umekodi pikipiki au gari punguza mwendo kwa kweli, sio mpaka uone tuta.

Na mapapasi wa Mjini, wale wanaowauzia wageni safari mitaani: wapo waungwana, ila kuna mmoja aliniuzia safari akaniapia kiingilio kimo humohumo, nikafika getini nikalipa tena. Kama unapanda daladala lipa mwenyewe getini, chukua risiti, yakaisha. Mtanzania beba kitambulisho, kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mgeni, bila kitambulisho utaanza kueleza lafudhi yako.

Hatua ya nne: maneno unayosema getini

Hii watu wanairuka na ndo inaamua siku yako. Kuingia lazima uwe na mtembezaji na yeye yumo kwenye kiingilio (bakshishi ni juu yako, akikutembeza vizuri mpe). Tatizo ni kwamba yeye kila siku anakutana na watu wenye haraka, kwahiyo usipomwambia kitu atakupa ziara ya haraka. Salimia kwanza. Sio "mambo vipi braza" ukiwa bado unaangalia simu, Unguja salamu ni kitu, assalam alaykum, habari za asubuhi, za nyumbani, tulia ajibu. Afu sema: "Kaka, mi sina haraka. Naomba tuanze na msitu, njia ndefu, kima baadae, na mikoko maji yakiwa yamekupwa." Niliposema hivyo yule kaka alinitazama akacheka, akasema wageni wengi hawataki hivyo, wanataka kima waende zao. Akaenda kubadilisha viatu. Hapo nikajua tutatembea.

Hatua ya tano: ndani ya kivuli

Ingia msituni mapema kadiri geti linavyoruhusu. Hatua chache tu kutoka barabarani joto linashuka unalisikia kwenye shingo, na sauti ya magari inakufa. Mti mkubwa wa hapo ni mtondoo, jani lake nene linang'aa, ukiligeuza kwenye mwanga utaona mishipa myembamba imepangana kama nyuzi za kitambaa, na matunda ya duara kama vindimu yametapakaa chini. Mbao zake watu wa pwani walikuwa wanaunda vyombo vya baharini. Katikati yake kuna michikichi, na mikindu ambayo makuti yake ndo ukindu, hiyo mikeka na mikoba unayoiona sokoni inaanzia humu. Kwenye majimaji utaona mikangaga, majani marefu ya kijani iliyokolea yamejikunja kichwani.

Sasa tazama mti ulioanguka, utaukuta tu. Ule mzizi ulionyanyuka umesimama kama ukuta, mpana kuliko mlango, ila mwembamba, hauna mzizi wa kwenda chini hata mmoja. Chini kuna maji na jiwe, mti unaenda wapi? Unatandaza mizizi pembeni, na jirani naye anatandaza, wanashikana, upepo ukimpata mmoja vibaya anaondoka na zulia zima. Ukishaona hilo utaelewa kwanini njia imejaa mizizi na kwanini nakwambia mzizi unarukwa haukanyagwi. Mzizi uliolowa ni sabuni. Weka mguu kwenye udongo kati ya mizizi, hatua fupi, mikono usitie mfukoni. Palipo na maji meusi usipime kwa mguu, pima kwa fimbo, kwasababu majani yanaelea juu yanaonekana kama nchi kavu na chini yake kuna shimo la magoti.

Kitu kingine ni kusimama. Mwombe mtembezaji mkae dakika tano bila kuongea, zima na simu. Dakika ya kwanza husikii kitu, ya pili unaanza kusikia matone, ya tatu kuna kitu kinakwaruza majani makavu, mara nyingi ni ndege, mara moja moja ni paa. Paa nunga, yule mdogo adimu, ukimwona umebahatika kweli, mi sijamwona, nimeona nyayo tu na nimeridhika. Komba na pelele (pimbi wa mitini) ni wa usiku. Na chui, eeh, kila anayeishi kule ana stori ya chui, wa mwituni na wale wanaosemwa "wa kufugwa" na wachawi. Muulize mtembezaji halafu umwache aongee, usimkatize na sayansi.

Hatua ya sita: kima punju

Ukitoka msituni unavuka barabara upande wa kusini, kwenye vichaka na mashamba, hapo ndo wanapenda kukaa. Saa tatu hivi wanakuwa wanakula, mchana wanalala matawini miguu inaning'inia. Mgongo mwekundu, mabega meusi, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso kama mzee aliyeamshwa ghafla. Tazama mikono, hana kidole gumba cha maana. Duniani kote asili yake ni Unguja tu, na hesabu iliyotolewa 2017 ilipata zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa zamani. Jina punju ni la sumu, wazee waliamini mti akishaula unakufa.

Usimpe chakula. Sio sheria tu, tumbo lake limegawanyika vyumba vya kuchachusha majani na matunda mabichi, tunda bivu lenye sukari linamvuruga, ndizi yako ni ugonjwa. Wale wanaokula majani ya miembe na mikungu mashambani wana dawa yao wenyewe, wanakula mkaa! Wanaokota kwenye tanuri za zamani au jikoni, mkaa unashika zile sumu za majani. Nimemwona mmoja anakishika kipande kwa mikono miwili anakitafuna taratibu kama mtu na muhogo wa kuchoma, midomo meusi.

Kaa mbali hatua kadhaa, wakikusogelea wewe rudi nyuma, usichuchumae kupiga selfi ukiwa na mafua kwasababu magonjwa yetu yanawapata. Na usisimame chini ya tawi walilokaa. Hili halihitaji maelezo, ila rafiki yangu alilihitaji.

Hatua ya saba: maweni, afu mikoko

Mikoko iko upande wa Pete, kama kilomita moja hivi kutoka getini. Tembea, hapa ndo unavaa kofia. Jiwe limechongoka, ukiteleza linakata, angalia miguu.

Daraja la mbao linaingia ndani ya mikoko. Kabla hujapanda tazama mbao, kanyaga pale kwenye mstari wa misumari, chini yake ndo kuna boriti iliyobeba, ukikanyaga katikati ya ubao mzee unajipima bahati. Palipo na ukijani panateleza. Msipite watu watano kwa mkupuo mkirukaruka. Kutakuwa na harufu kama ya yai viza, hilo ni tope lisilo na hewa, sio uchafu, pua itazoea.

Mwombe mtembezaji majina, asikwambie "mikoko" tu yakaisha. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, na tunda lake linaota likiwa bado mtini, linakuwa kama mkuki mrefu wa kijani, likidondoka maji yakiwa yamekupwa linajichoma kwenye tope, limeshajipanda. Mchu ni ule unaotoa vijiti vingi kama penseli kutoka ardhini, anapumulia hivyo, chuma jani moja ulambe mgongoni, chumvi tupu, anaitoa kwa majani. Mkandaa na msinzi watu waliwakata sana kwa boriti, nyumba nyingi za Mji Mkongwe dari zimebebwa na miti kama hii na majahazi yaliipeleka mpaka Arabuni. Mkomafi una tunda kama mpira, likipasuka mbegu zake hazirudishiki, jaribu uzipange tena uone, nilikaa nalo robo saa nikashindwa.

Chini, kwenye tope, simama tu. Kaa wote watakimbilia mashimoni ukifika, hesabu mpaka sitini bila kutikisika, watarudi. Madume wana gando moja kubwa kupita mwili, wanapunga kama wanaita daladala. Na kuna visamaki vinavyoruka juu ya tope kwa mapezi, macho juu ya kichwa, vinagombana mipaka.

Wenye siku nzima, kaleni mlichobeba, mrudi saa nane na nusu. Siku niliyofanya hivyo ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu. Nilikuwa natazama jani la njano la mkoko lililolala kwenye mfereji, kavu kabisa, afu likatikisika. Likageuka. Likaanza kutembea taratibu kuelekea bara, nyuma yake povu kidogo, nyuma ya povu maji ya kina cha ukucha, na kaa wakawa wanaziba milango yao kwa tope mmoja mmoja. Baada ya saa moja chini ya mbao kulikuwa na kina cha magoti na samaki wanapita kati ya mizizi.

Kurudi

Saa kumi na nusu uwe barabarani, daladala za jioni zinapungua na nyingine zinapita zimejaa. Hapohapo Pete kuna kituo cha vipepeo, kama una dakika ishirini pitia, ila usiache mikoko kwa ajili yake. Raba zioshe siku hiyohiyo kwa maji baridi, toa na nyayo zake za ndani. Mi nililala nazo zikiwa na tope, asubuhi mwenye nyumba akaniamkia vizuri tu, akazinyanyua kwa kijiti akazitoa barazani.